Roboti za kubadilika: jinsi ya kuzitafuta, kuzikagua na kuzithamini ukiwa Uganda

Roboti ya kubadilika ni kidoli chenye maumbo mawili, na thamani yake imo katika njia ya kutoka umbo moja hadi jingine: bawaba, viungo, ndimi na matundu yanayoitoa kwenye gari, yakaifanya mtu, kisha yakairudisha. Anayeanza kukusanya huangalia rangi na ukubwa. Mzoefu anauliza kwanza: je, inafunga? Ukiigeuza kuwa gari, mlango unakutana na bodi? Paa linalala sawasawa? Magurudumu yote manne yanagusa meza?

Swali hilo nalishikilia tangu mwanzo hadi mwisho wa mwongozo huu, kwa sababu hapa Uganda sanamu nyingi zinatufikia bila boksi, bila karatasi ya maelekezo, na mara nyingi bila mkono mmoja. Mwenye macho na vidole vilivyozoea anaweza kujenga mkusanyiko wa maana kwa pesa ambazo mwingine anazimaliza kwa boksi moja la dukani.

Hatua ya kwanza: zijue koo zake

Jina kubwa ni Transformers. Hasbro ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1984, lakini miundo mingi ya mwanzo ilitoka Japani, kwa kampuni ya Takara, katika safu mbili: Diaclone na Micro Change. Historia hii inakusaidia sokoni. Magari ya Diaclone yaliundwa yawe na dereva mdogo ndani, ndiyo maana baadhi ya magari ya 1984 yana kiti ambacho hakuna anayekikalia. Micro Change ilikuwa na vitu vya nyumbani vinavyogeuka roboti, na humo ndimo alimotoka Soundwave, yule redio ya kaseti, pamoja na Megatron, bastola ya Walther P38.

Mwaka 2006 Takara iliungana na Tomy. Kwa hiyo sanamu ya Transformers yenye muhuri wa TOMY haiwezi kuwa ya miaka ya themanini, hata muuzaji akiapa.

Wakati huohuo wa mwanzo kampuni ya Tonka ilikuwa ikiuza GoBots, nazo zilitoka kwenye safu ya Machine Robo ya kampuni ya Bandai. Ni ndogo na rahisi zaidi, na watu wengi huzichanganya na Transformers. Hasbro iliinunua Tonka mwaka 1991. Mwaka 1996 zikaja Beast Wars, roboti zinazogeuka wanyama, zikiwa na viungo vingi vya gololi, yaani kijitufe kinachoingia kwenye kikombe, na tangu hapo mikono na miguu ikaweza kukaa mikao ya kweli. Filamu ya Transformers ya 2007 ilileta wimbi kubwa sana, na nyingi ninazokutana nazo kwenye mitumba ni za kuanzia hapo. Pembeni utaona za Kikorea, Tobot na Robocar Poli, na ndege za Super Wings. Hizo ni za watoto wadogo, imara, na si za kudharau, ila bei yake haipandi sana.

Kuhusu ukubwa, Hasbro hutumia madaraja. Deluxe ina takriban sentimita 14 ikisimama, Voyager kama 17 au 18, Leader inazidi hapo, na Titan inaweza kufika sentimita 60, kama ilivyokuwa Metroplex ya 2013. Safu ya Masterpiece, iliyoanza 2003 huko Japani, ni ya watu wazima, ghali na yenye ufundi wa hali ya juu. Ushauri wangu ni uanze na Deluxe. Inakaa mkononi, inabeba ufundi wa kutosha kukufundisha, na ukikosea bei hujafilisika. Chagua pia njia yako mapema: kipindi kimoja, au mhusika mmoja katika matoleo yake yote, au magari tu. Anayenunua kila kinachogeuka atajaza makatoni, asiwe na mkusanyiko.

Hatua ya pili: wapi pa kutafuta

Soko la St. Balikuddembe la Kampala, ambalo wote tunaliita Owino, ndilo chuo. Midoli hufika kwenye mabelo, humwagwa juu ya turubai, na roboti hulala humo kati ya wanasesere wasio na nywele na magari yasiyo na magurudumu. Muulize mchuuzi siku anayofungua belo, ufike asubuhi. Wengi wanaelewa Kiswahili hata kama biashara inaenda kwa Kiganda, na ukianza kwa salamu bei inalainika.

“Habari ya kazi, mama. Hii roboti bei gani?”

“Elfu kumi na tano, ssebo. Ya Ulaya hiyo.”

“Haina mkono, mama. Niongezee na vile vipande vya chini ya gunia, nikupe elfu kumi.”

“Haya chukua, mwanangu. Na uniletee wateja.”

Hivyo vipande vya chini ya gunia ndivyo ninavyotaka uvikumbuke. Bunduki, ngumi, makombora na mabawa hutoka kwenye sanamu zikiwa safarini, na mchuuzi huviona ni takataka. Vinunue kwa konzi. Ngumi unayoiokota leo inaweza kukamilisha roboti utakayoipata mwakani, na kwa sanamu za zamani kipande kidogo huwa adimu kuliko mwili wenyewe. Optimus Prime wa 1984, yule lori, kwa mfano, anatakiwa awe na tela, kigari chake Roller, ngumi mbili na bunduki. Mwili bila hivyo ni nusu ya hadithi.

Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, kuna midoli mipya ya jumla kutoka China, karibu yote ni nakala. Nenda huko ukitafuta ya kufanyia mazoezi ya vidole au zawadi ya mtoto. Kwenye maduka makubwa ya Kampala utapata orijino za karibuni, kwa bei ya kuumiza. Wenye ndugu Nairobi huagiza soko la Gikomba, na mzigo unaingia kwa basi kupitia Busia au Malaba. Ukiagiza kutoka ng'ambo kwa intaneti, piga hesabu yote kabla ya kulipa: VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 haitozwi kwenye bei ya kidoli peke yake, bali kwenye bei hiyo pamoja na usafiri, bima na ushuru wa forodha. Watu wengi hushangaa pale mzigo unapofika, nao walikuwa wameangalia bei ya kidoli tu.

Tahadhari moja nzito. Megatron wa zamani anafanana kabisa na bastola ya kweli. Usimtie kwenye begi ukapita naye getini kwa walinzi, wala uwanja wa ndege wa Entebbe, wala mpakani. Mbebe akiwa katika umbo la roboti, ndani ya boksi, na usimtoe hadharani.

Hatua ya tatu: ukaguzi papo hapo

Anza na muhuri. Uko chini ya mguu, ndani ya paja, mgongoni au chini ya gari. Tafuta jina la kampuni, mwaka na nchi. Mwaka ulioandikwa ni wa haki ya muundo, si lazima uwe mwaka ambao kipande hicho kilitoka kiwandani, kwa hiyo roboti yenye 1984 inaweza kuwa toleo la marudio la juzi. Kwenye sanamu za Hasbro za miaka ya karibuni kuna pia tarakimu tano zilizopigwa kwa wino mdogo. Kwa kawaida ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na tatu zinazofuata ni siku ya mwaka huo. Ukisoma 81231, hiyo ni siku ya 123 ya mwaka unaoishia na 8.

Kwa zile za zamani tafuta pia kijistika cheusi cha mraba au mstatili. Kilianza kuwekwa mwaka 1985: ukikisugua kwa kidole, joto linafichua nembo ya Autobot au Decepticon, makundi mawili yanayopigana katika hadithi ya Transformers. Kikiwa bado kinafanya kazi ni furaha ya pekee, na ni ushahidi mzuri.

Kisha tumia vidole. Tikisa taratibu usikie kama kuna kitu kinachogonga ndani. Kunja kila kiungo kidogo tu. Kiungo cha meno kinatakiwa kulia na kushika. Cha kukaza kinatakiwa kubaki ulipokiacha. Gololi iliyochomoka si msiba, mara nyingi imeundwa ichomoke badala ya kuvunjika, ibonyeze irudi. Angalia alama nyeupe kwenye plastiki ya rangi, hasa kuzunguka pini na ndimi: plastiki imekwishachoka hapo, na itapasuka. Angalia skrubu kama vichwa vimetafunwa, maana yake mtu aliwahi kuifungua. Fungua kifuniko cha betri, ukiona unga wa kijani au mweupe, teremsha bei.

Plastiki inayopenya mwanga ninaipa jicho la pili daima. Magari mengi ya tangu 2007 yana vioo vya plastiki hiyo, na bawaba ya paa imepitishwa humo humo. Ni ngumu lakini haina unyumbufu. Ufa mwembamba kama unywele kando ya pini unaonekana tu ukiielekeza juani.

Kuna jambo jingine linalowaponza hata wazoefu. Sanamu fulani za mwisho wa miaka ya themanini na za miaka ya tisini zilitengenezwa kwa plastiki yenye vumbi la rangi ya dhahabu ndani yake, ile inayoonyesha mawimbi ya kung'aa. Plastiki hiyo huoza kwa ndani na kuvunjika kama biskuti, hata kama haijawahi kutoka kwenye boksi. Black Zarak wa Japani, wa 1988, anajulikana kwa hilo. Ukikutana na dhahabu ya mawimbi, usiigeuze kabisa, na usiilipie bei ya kitu kinachogeuka.

Nakala zinajitambulisha kwa mambo yanayokuja pamoja: muhuri umefutwa na pameachwa kovu, kingo ni kali, rangi imevuka mpaka, pini zimetokeza, jina kwenye boksi limebadilishwa herufi, na harufu kali ya plastiki inapanda puani. Hata hivyo siungi mkono kauli kwamba kila nakala ni uchafu. Wei Jiang ya China, kwa mfano, imetengeneza nakala zilizokuzwa zenye vipande vya chuma, na zinafunga vizuri. Kosa ni kuiuza au kuinunua nakala kwa bei na jina la orijino.

Ukishamaliza hayo, mwombe mchuuzi ruhusa uigeuze. Akikataa, lipa kama vile haigeuki.

Hatua ya nne: kugeuza bila kuvunja

Kwanza itambue sanamu, kisha tafuta maelekezo yake au video ya mtu akiigeuza. Zipo kwa karibu kila toleo. Ukikosa, itazame ikiwa roboti na ujiulize kila kipande cha gari kiko wapi: kofia ya injini mara nyingi ni kifua, milango ni mabawa au mikono, nyuma ya gari ni miguu. Hapo utajua unaelekea wapi.

Fungua kabla ya kuzungusha. Vipande vingi vimefungiwa kwa ulimi ulioingia kwenye tundu, na anayezungusha bila kuutoa ulimi huvunja bawaba. Ukihisi ugumu, rudi hatua moja nyuma, kwa sababu karibu kila mara kuna kidirisha ambacho hakijafunguliwa. Shika karibu na kiungo, si kwenye ncha. Nguvu ya kwenye ncha ndiyo inayokata pini. Walioko Kabale na nyanda za baridi, asubuhi iweke sanamu isiyo na stika wala betri kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Plastiki inalegea kidogo na kukubali.

Kufunga umbo la gari ndiko kugumu zaidi. Weka vipande vyote karibu na mahali pake kabla ya kubonyeza chochote, halafu funga kuanzia katikati kwenda nje. Ukianza na milango, paa litabaki limeinuka, nawe utalibonyeza kwa hasira. Pumzika, fungua, anza upya.

Hatua ya tano: kusafisha na kutengeneza

Vumbi letu jekundu linaingia kila tundu. Kwa plastiki tupu tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha kausha kivulini. Zenye stika za karatasi, chuma, kromu au umeme zisizamishwe. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kromu haisuguliwi, inatoka. Petroli, thina na kiondoa rangi ya kucha vinayeyusha plastiki, viache. Kutu ya betri inalainika kwa siki au maji ya limau kwenye pamba, kisha pangusa na ukaushe vizuri.

Plastiki nyeupe iliyogeuka njano inasumbua wengi. Jetfire wa 1985, ambaye kwa asili ni ndege ya kampuni ya Takatoku, anasifika kwa uzuri na kwa kugeuka njano vilevile. Haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga wa jua hurudisha weupe, lakini njano inaweza kurudi, na peroksaidi hiyo inachoma ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Mimi naona ni bora umanjano wa kawaida kuliko weupe wenye mabaka. Kwa sanamu ya thamani kubwa, iache.

Kiungo kilicholegea kinatengenezeka. Ichomoe gololi, ipake tabaka jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi, acha ikauke kabisa, rudisha. Wengine hutumia gundi ya supaglu kwa namna hiyohiyo. Inashika zaidi, lakini usiirudishe gololi kabla haijakauka kabisa, la sivyo mkono utakuwa umegandishwa milele. Kiungo kigumu kinapewa tone la mafuta ya silikoni. Mafuta ya kupikia huganda, hunuka na hukusanya vumbi. Bisibisi iwe ndogo na inayoingia sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, na kila skrubu iweke kwenye kikombe chake maana urefu hutofautiana. Kipande kisichopatikana unaweza kumpelekea mwenye mashine ya kuchapisha 3D, ila ukiuza, sema kwamba kile ni cha kuchapishwa.

Hatua ya sita: kukadiria thamani

Bei anayoiomba muuzaji kwenye intaneti haikuambii kitu. Angalia bei zilizolipwa, za sanamu zilizokwisha kuuzwa, na linganisha na yenye hali kama ya kwako.

Pima kwa mpangilio huu: inafunga katika maumbo yote mawili? Ni kamili? Viungo vinashika? Halafu ndipo rangi, stika na kromu, na mwisho boksi. Wakusanyaji hutumia daraja kutoka C1 hadi C10, ambapo C10 ni kama imetoka kiwandani leo, lakini herufi na namba hizo ni maoni ya mtu. Andika kasoro kwa maneno.

Tuseme roboti kamili bila boksi imeuzwa ng'ambo dola 30. Yako haina bunduki, na bunduki hiyo peke yake inauzwa dola 8. Usitoe 8 tu. Toa pia gharama ya kuileta Kampala, maana ndiyo atakayolipa mnunuzi wako ili aikamilishe. Pengine inabaki 12. Kwa upande mwingine, iliyo kamili na iko tayari hapa mjini inamwepusha mnunuzi na usafiri na kodi zote, kwa hiyo ni haki kuizidishia kidogo bei ya ng'ambo. Toleo la marudio halilingani na la kwanza hata kama sura ni moja, na boksi tupu la miaka ya themanini lina wateja wake, usilitupe.

Kuwa na daftari. Andika jina, daraja, muhuri, tarehe, uliponunua, bei, kinachokosekana. Ukiwa sokoni na konzi ya ngumi mkononi, daftari ndilo linalokukumbusha nani anasubiri ngumi ipi.

Hatua ya saba: kuzitunza na kuzipeleka kwa mwenzio

Tuko kwenye ikweta na jua letu halina huruma kwa plastiki. Kabati liwe na vioo kuzuia vumbi, lisitazamane na dirisha. Maboksi yasikae sakafuni wala kugusa ukuta: mchwa wanapenda karatasi kuliko sisi. Wanaoishi karibu na ziwa watie vifuko vya silika jeli, vile vinavyokuja na viatu vipya, na wavibadilishe. Vipande laini vya mpira visibanwe pamoja ndani ya plastiki iliyofungwa, hutoa mafuta na kunata. Sanamu isimame kwa mkao wa kawaida. Mguu ulionyooshwa miezi mingi hulegea.

Watoto wa nyumbani wapewe sanduku lao wenyewe, lenye roboti kubwa zisizo na vipande vidogo. Makombora na ngumi ni hatari ya kukaba koo kwa mtoto chini ya miaka mitatu.

Ukiuza au kubadilishana na mwenzio wa Gulu au Mbarara, mtumie picha za maumbo yote mawili, muhuri, na kila kasoro kwa karibu. Kwa safari ya basi ifungashe ikiwa katika umbo la gari, kwani ndimi zote zimeingia na hakuna mkono unaotokeza. Silaha zitie kwenye kifuko chake, kibandike kwa utepe ndani ya boksi, jaza nafasi kwa magazeti mpaka ukitikisa usisikie kitu, na uandike juu namba ya simu ya anayepokea kabla ya kuukabidhi mzigo kwa kondakta.